Kiambaza Alichokiziba Zahoro

Habari hii alinisimulia kwanza Bibi Tatu binti Pazi, mwaka 1954, nyumbani kwake Maneromango. Marehemu Mwanne alikuwa dada yake. Nimeandika alivyosema, sikuongeza.

Mwaka 1938 Zahoro, mkulima wa Kisarawe, alioa mke wa pili, Mboni wa Kibaha. Nyumba ilikuwa ya udongo, na vyumba vya wake wawili vilitenganishwa na kiambaza. Kama ilivyo desturi yetu, kiambaza hakikufika kwenye paa. Juu uliachwa uwazi, hewa ipite, na mgonjwa akiita asikike.

Mwanne, mke mkubwa, alikuwa mgonjwa wa kifua. Alikohoa kutwa.

"Bwana, mimi nimeolewa na wewe au na kikohozi?" Mboni aliuliza. Zahoro akacheka.

Asubuhi moja alikanyaga udongo, akaangua usufi, akauziba uwazi wote: usufi katikati, udongo nje. Mwanne alimtazama toka kitandani.

"Nikiita je, mume wangu?"

"Gonga ukuta."

"Haya. Ziba vizuri, usiache hata tundu. Siku yako nawe utaita hivyo hivyo."

Tatu, aliyekuwa akimuuguza, alikwenda Maneromango kufuata dawa. Aliporudi alimkuta dada yake sakafuni, chini ya kiambaza, amekwisha kupoa. Kucha zilikuwa zimejaa udongo. Chumba cha pili Zahoro na Mboni walikuwa wanakula.

"Hatukusikia kitu," Mboni alisema.

Na kweli hawakusikia.

Siku ya arobaini Tatu alirudi kwa hitima. Wageni walipoondoka, mchana jua likiwaka, kikohozi kilisikika. Hakikutoka chumbani. Kilitoka ndani ya kiambaza.

Zahoro alichukua jembe. "Nakibomoa," akasema, akaingia chumba cha Mwanne. Wanawake wakakaa kizingitini, wakimpa mgongo.

Wakangoja kishindo cha jembe.

Kimya.

"Bwana?" Mboni alinong'ona.

Waligeuka. Zahoro alikuwa sakafuni, chini ya kiambaza. Kucha zilikuwa zimejaa udongo. Kinywa kilikuwa kimeshindiliwa usufi na kukandikwa udongo mbichi, ukasawazishwa vizuri. Juu yake palikuwa na alama ya kiganja. Kidogo. Cha mwanamke.

Kiambaza hakikuwa na hata mkwaruzo.

Majirani walimuuliza Mboni kama mumewe hakupiga kelele.

"Hatukusikia kitu," alijibu, akalia kwa namna ambayo Tatu hakupenda kuieleza.

Waliobaki hai ni wawili. Tatu yuko Maneromango, mzima. Mboni yuko Kibaha kwa kaka yake, Kondo. Nilikwenda kumsalimu mwaka jana. Ameanza kukohoa, na amepewa chumba cha peke yake. Nilitazama juu: kiambaza kimefika kwenye paa.

Kondo anasema hakukijenga hivyo.