Tela Lililokonyeza Nyamiaga Nzima

Anatoli wa Nyamiaga hakuwa na lori lake mwenyewe. Lori aliloendesha lilikuwa la Mzee Minani wa Biharamulo. Hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na subira. Hakuwa na kifaa hata kimoja cha kupimia umeme, kwa sababu alisema dereva aliyekomaa hupima kwa masikio. Na tangu Jumatatu hakuwa na taa za tela zenye akili timamu.

Alikuwa na mke, Leonsia, na mtoto mchanga, Recho. Alikuwa pia na kopo la rangi ya buluu lililobaki nusu. Nusu nyingine ilikuwa kwenye tela. Mama yake Leonsia alikuwa anakuja kutoka Ntobeye kumwona mjukuu, na Anatoli alitaka mama mkwe akute kitu cha kupendeza. Alipaka rangi tela lote, juu na chini, hata bolti. Nyuma akaandika kwa herufi nyeupe: HESHIMA KWA WAKWE.

Tangu hapo tela likaingiwa na wazimu. Akiwasha indiketa ya kushoto, taa zote za nyuma zilipepesa. Akikanyaga breki, taa ziliwaka hafifu kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Akiwasha taa kubwa, indiketa zilikufa kabisa.

Askari wa usalama barabarani alimsimamisha karibu na nyumbani kwake.

"Unakata kushoto au kulia?"

"Kushoto, afande."

"Tela lako linasema kote kote. Aliye nyuma yako atajuaje? Liingize uani kwako. Halitoki mpaka taa zipone."

Afande alisema kweli. Gari lisilosema linakokwenda huua watu.

Anatoli akabadilisha balbu zote. Hali ikabaki ile ile. Akavutavuta nyaya, fyuzi ikakatika. Badala ya kununua nyingine, akaizungushia karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Punde moshi ukaanza kutoka chini ya dashibodi, na Leonsia akapiga kelele hadi mumewe akaitoa.

Mzee Minani akapiga simu.

"Maharage ya Kirushya yananingoja, na wewe umepaki! Namtuma Mashimba. Akikuta taa haziwaki, mpe ufunguo. Lori litakuwa lake."

Usiku huo Anatoli hakula. Kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba yake.

Mashimba alifika na basi la asubuhi. Alikuwa dereva pia, Msukuma aliyehamia Biharamulo, mtu wa maneno mengi. Alimkuta mama mkwe wa Anatoli, Adventina, aliyekwisha kufika kutoka Ntobeye, mlangoni pa jiko akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Mashimba akavuta kigoda, akamgeukia Anatoli. "Ndugu yangu, nimesikia tela lako linakonyeza. Mpaka wajane wa Rusumo wanaliulizia."

"Cheka tu. Umekuja kunifariji au kuchukua ufunguo?"

"Ufunguo. Lakini maharage yakiiva, nitakufariji kwanza."

Adventina alikuwa amegeuzia uani mgongo. Katika ukoo wao, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, na mkwe hatamki jina la mama mkwe wake. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa Leonsia, hata kama wanasikiana vizuri.

"Leonsia," akasema Adventina, "mwulize mume wako kama amepima waya wa ethi."

"Baba Recho, mama anauliza kama umepima ethi."

Anatoli alikuwa amesikia mara ya kwanza. "Mwambie mama asijisumbue. Huu ni umeme, si uji."

"Mwambie mume wako," akasema Adventina bila kugeuka, "kwamba wakati wa kambi za wakimbizi, yeye akiwinda panzi, mimi nilikuwa karakana ya malori ya misaada. Uji walipika wengine. Mimi nilifunga nyaya."

Mashimba akapiga makofi. Anatoli akakuna kichwa.

"Lakini mama Recho, mama mkwe akiingia chini ya tela langu, watu watasema nini?"

"Watasema linawaka," akajibu Leonsia.

Adventina akasimama, akafunga khanga yake imara. "Mwambie akae kwenye usukani, atazame mbele. Mimi nitakuwa nyuma ya tela. Kati yetu kutakuwa na tela zima. Heshima gani inataka nafasi zaidi ya hiyo? Na wewe Mashimba si mkwe wangu. Lete mawe."

"Mawe ya nini, mama?"

"Ya kuzuia magurudumu. Injini izimwe, breki ya mkono ivutwe, mawe yawekwe. Ndipo mtu ainame chini ya gari. Anayeanza kwa kuinama huenda asiinuke."

Kisha akaokota balbu moja kati ya zile ambazo Anatoli alizitoa. Akaifunga vipande viwili vya waya na kuvigusisha kwenye betri. Ikawaka vizuri.

"Mwambie mume wako balbu alizozitoa ni nzima. Sasa hii ndiyo testa yetu. Na anunue fyuzi ya kiasi kile kile kilichoandikwa kwenye kifuniko. Fyuzi hukatika ili waya usiungue. Ukiweka karatasi ya sigara, kitakachokatika ni lori."

Mashimba akatumwa dukani kwa pikipiki, akarudi na fyuzi, ikatiwa mahali pake. Kisha Adventina akachomoa plagi ya tela. "Kwanza tujue mgonjwa ni nani. Ni lori au ni tela?" Akagusisha waya mmoja wa testa kwenye chuma cha lori kilicho wazi, na wa pili kwenye tundu la soketi. "Leonsia, mwambie akanyage breki."

"Baba Recho, kanyaga breki!"

"Nimekanyaga! Mwambie nimekanyaga!"

Testa ikawaka. Wakajaribu indiketa ya kushoto, kisha ya kulia, kisha taa kubwa. Kwa kila tundu testa iliwaka sawasawa.

"Lori ni zima," akasema Adventina. "Mgonjwa ni tela."

Leonsia alikuwa anatweta kwa kukimbia kati ya usukani na soketi. Mara akanusa hewa. "Maharage yangu yanaungua! Ongeeni wenyewe." Akakimbilia jikoni.

Mjumbe alikuwa ameondoka. Anatoli alitazama mbele. Adventina alitazama plagi. Mashimba alijaribu kusema, lakini kicheko kilimkaba.

Hatimaye Adventina akachukua spana, akasema kwa sauti, kana kwamba anaongea na gurudumu: "Nikigonga mara moja, ni breki. Mara mbili, ni kushoto. Mara tatu, ni kulia. Mwenye kusikia apige honi."

Honi ikalia.

Adventina akaifungua plagi. Ndani alikuta ganda la mgomba lililooza. Anatoli alikuwa na desturi ya kuifunga plagi kwa ganda bichi la mgomba, ili vumbi lisiingie. Vumbi halikuingia, lakini maji na utomvu viliingia. Vidole vya shaba vilikuwa vimeota kutu ya kijani.

"Ganda la mgomba hufungia ndizi na chumvi," akaliambia gurudumu. "Plagi hufungwa kwa kifuniko chake, ikabaki kavu." Akasugua kila kidole kwa msasa, akakaza skrubu, akairudisha plagi kwenye soketi.

Akagonga mara moja. Honi ikajibu. Taa bado zilikuwa hafifu.

"Basi hiyo haikuwa dawa yote," akasema Mashimba, akiutazama mfuko wake wa shati, ambao alikuwa ameuacha wazi kwa ajili ya ufunguo.

"Ukipata kosa moja usiache kutafuta la pili," akajibu Adventina. "Umeme ni kama mtu anayekwenda kuchota maji. Lazima awe na njia ya kurudi. Waya wa ethi ndio njia ya kurudi. Ikizibwa, umeme wa indiketa unahangaika kupitia balbu za breki, ndiyo maana taa zisizoitwa zinaitika. Nishikie waya huu mrefu kwenye ncha hasi ya betri."

Mashimba akaushika upande mmoja. Adventina akakwangua chuma cha tela kidogo, akagusisha upande wa pili. Akagonga mara mbili.

Honi ikalia, na indiketa ya kushoto ikapepesa peke yake, taa nyekundu za breki zikiwa zimetulia.

"Tumemkamata!" akapiga kelele Mashimba. Kisha akakumbuka mfuko wake, akanyamaza.

Adventina akaufuata waya wa ethi kutoka kwenye plagi hadi chini ya tela. Ulifungwa kwa bolti kwenye chuma cha tela. Lakini chini ya bolti kulikuwa na rangi nene ya buluu. Anatoli alikuwa ameifungua ili apake rangi pazuri zaidi, kisha akaikaza juu ya rangi mbichi. Rangi haipitishi umeme. Heshima kwa wakwe ilikuwa imeziba njia.

Adventina akataka mkwe wake aone kwa macho yake. Akaondoka kupitia kulia, akigonga tela ili asikike. Anatoli akaja kupitia kushoto. Wakazunguka tela kama kuku wawili wanaozunguka ghala, kila mmoja akikohoa kwenye kona.

Anatoli akainama, akaiona buluu yake. Akachukua msasa, akasugua chuma mpaka king'ae, akakaza bolti, kisha akapaka grisi juu ili kutu isiingie. Akarudi kwenye usukani.

Pigo moja, honi. Mapigo mawili, honi. Mapigo matatu, honi. Taa ziliwaka kila moja kwa zamu yake, kali na safi. Kwa furaha Anatoli aliendelea kupiga honi hata bila kugongewa.

Yule afande akatokea njiani. "Nani anaoa hapa? Honi zinasikika hadi mjini."

"Njoo upime, afande!"

Afande akasimama nyuma ya tela. "Kushoto! Kulia! Breki! Taa kubwa, sasa kushoto tena!" Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa linasema neno moja kwa wakati mmoja. Nenda salama."

Anatoli akampigia Mzee Minani.

"Linawaka? Basi pakia maharage. Lakini Mashimba asirudi mikono mitupu. Mpe barua. Andika kosa lilikuwa nini, na fundi aweke jina lake. Simu zenu nimezichoka."

Anatoli akakaa mezani na kalamu. Aliandika juu ya ganda la mgomba, juu ya rangi, na hata juu ya karatasi ya sigara. Alipofika kwenye jina la fundi, mkono ukasimama. Mashimba akachungulia.

"Andika lako, ndugu yangu. Nani atajua?"

Anatoli akaiweka kalamu chini.

"Mimi nilikanyaga breki tu," akasema. "Na jina la fundi siwezi kulitamka. Mama Recho, ipeleke jikoni."

Leonsia akaipeleka. Jikoni kukasikika kicheko. Barua iliporudi, kwenye nafasi ya fundi palikuwa na jina la Adventina, kwa mwandiko wa mtu asiye na haraka. Chini yake alikuwa ameongeza mstari mmoja: *Mkwe wangu ni mkweli, na anakanyaga breki vizuri sana.*

Anatoli akausoma mara mbili. Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akaibandika kwa tonge la ugali wa moto. Mashimba akala maharage yaliyoungua kidogo, akashukuru, akaitia barua kwenye mfuko wa shati ulioandaliwa kwa ufunguo, akaenda kupanda basi la Biharamulo.