Mtoto Si Kifungo cha Shati

Asikiaye kila la mkuu naye huvunjika guu. Kwetu, aliyekaribia kuvunjika ni mdogo wangu, ambaye hata kukataa hajui.

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilimkuta palepale, kitandani, chini ya blanketi zito. Alikuwa njiti, amezaliwa kabla ya miezi kutimia. Hospitali ilikuwa ikifanya utafiti kuona kama njiti watakua vizuri wakibebwa nyumbani kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi. Mama alikubali kushiriki. Shangazi, aliyekuja kutusaidia, hakutaka hata kusikia.

"Mtoto si kifungo cha shati, wifi, akae kifuani kutwa. Mlaze, upumzike."

Mama alimwogopa wifi yake, akamlaza mtoto. Nilipowakumbusha agizo la nesi wa utafiti huo, shangazi aliniuliza, "Wewe umezaa wangapi?"

Kilichonichosha zaidi ni majibu ya shangazi kila nesi alipotutembelea.

"Mnambeba?"

"Kutwa kucha, mwanangu. Bado kidogo mama yake aoge naye."

Nikifungua mdomo, nafinywa. Eti mgeni hujibiwa vizuri.

Siku moja mizani ilionyesha uzito umeshuka. Nesi alikunja uso. "Anabebwa na bado anapungua? Huenda anaumwa. Itabidi arudi wodini, atolewe damu."

Mama akaanza kulia. Shangazi akatazama dari.

"Habebwi," nikasema. "Analala kitandani tangu atoke hospitali. Shangazi anakudanganya."

Nesi aligusa nyayo za mtoto. Zilikuwa baridi. Akamvua, akamlaza kifuani mwa mama, akawafunga pamoja kwa kitambaa. Hakuondoka mpaka mtoto alipopata joto na kunyonya.

Aliporudi juma lililofuata, uzito ulikuwa umepanda.

"Akiwa peke yake kitandani, nguvu zote zinaishia kutafuta joto," alituambia. "Na jibu la kunifurahisha halinisaidii. Ningeandika kwamba kubeba hakufai, kisha njiti wa nyumba nyingine wangenyimwa vifua vya mama zao. Adabu inayoficha ukweli si adabu. Ni hatari."

Sasa mama anapooga, hata shangazi humbeba mtoto kifuani. Lakini bado ananidai radhi, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya mgeni.

Nitamwamkia. Nitampashia maji ya kuoga. Radhi siombi.