Kihisi cha Kumi na Mbili

Risasi ya kwanza iling'oa kioo cha pembeni cha pikipiki. Ya pili ilipita juu ya bega la Devotha Mkude ikazama kwenye mgomba.

Hakupunguza mwendo.

Mbele yake Toyota Hilux nyeupe ilikuwa ikipanda barabara ya Kinole, ikitimua vumbi jekundu. Saa nne asubuhi, mwaka 2004. Nyuma ya gari hilo kulikuwa na makasha kumi na mawili yaliyoandikwa CHANJO YA SURUA. Chini ya kila kifuniko kulibandikwa kihisi, kidude kisichozidi kiberiti. Kilipima joto, kiliona mwanga, kilijua mahali kilipo, na kila dakika tano kilituma taarifa kwa mtandao wa simu mpaka kwenye kompyuta moja mjini Morogoro.

Kompyuta ilisema mambo ni shwari. Nyuzi nne. Njiani kuelekea Kinole.

Kompyuta ilikuwa ikidanganywa.

Devotha alichomoa bastola yake ya Makarov, akashika usukani kwa mkono mmoja. Alilenga tairi la nyuma.

Pa!

Hilux iliyumba, ikapiga ukingo, ikasimama na pua mtaroni. Dereva alitoka akipepesuka. Bastola yake ilibaki kwenye kiti.

"Mikono juu!"

"Mimi dereva tu, dada."

"Dereva tu hapigi watu risasi. Jina lako?"

"Hamza."

Devotha alifungua kasha, akavunja shingo ya chupa moja, akaonja.

Maji ya chumvi.

"Watoto wa Kinole wanakufa kwa surua," alisema. "Ungewapelekea haya wachomwe?"

"Nimetumwa."

"Kwenu wapi?"

Hamza alitazama chini. "Mkuyuni, hapo chini tu."

"Basi watoto wa dada zako ndio wako kwenye foleni. Chanjo yenyewe iko wapi?"

"Sijui. Na ningejua nisingekwambia. Yule mzungu anajua ninapolala."

Alimfunga pingu kwenye mlango wa gari, akawasha redio ya Motorola.

"Kituo, huyu Mwewe. Tuma askari wamchukue dereva. Mzigo ni feki. Wamehamisha vihisi."

Sauti ya Yustina, fundi wa mitambo, ilikuja kavu. "Nilijua. Saa mbili na dakika kumi vihisi kumi na kimoja viliona mwanga kwa pamoja, ndani ya yadi ya Brandt pale Kihonda. Makasha hayakupaswa kufunguliwa kule."

Brandt. Mzungu yule, askari wa kukodiwa wa zamani. Yadi za umma zilipobinafsishwa alinunua moja, akapata na zabuni ya kusafirisha dawa za mkoa.

"Kumi na kimoja? Makasha ni kumi na mawili."

"Kwenye kasha la kumi na mbili nilibandika kihisi kibovu. Hicho ndicho walichobandua. Kizima nilikificha chini ya chupa. Sikumwambia mtu."

"Hata mimi?"

"Hata wewe. Idara yenu ya upelelezi inavuja, dada."

Tusi hilo Devotha alilimeza. Lilikuwa la kweli.

"Kinasema nini?"

"Kimya. Nadhani kimo ndani ya lori la jokofu, bati limeziba mtandao. Wakifungua milango, kitasema."

"Na wakifungua, joto?"

"Litapanda. Likifika nyuzi saba kihisi kitapiga king'ora. Likipita nane, hesabu mzigo umeharibika."

Aligeuza Yamaha, akateremka mlima. Kiroka. Bigwa. Alipofika Msamvu, Nokia ilitetemeka kifuani.

12. NYUZI 5. DAKAWA.

Akakamata barabara ya Dodoma, mshale wa spidi ukiwa umegota mwisho.

Ghala lilikuwa peke yake katikati ya mashamba ya mpunga. Devotha aliacha pikipiki mbali, akaingia kwenye mfereji wa umwagiliaji, maji kiunoni. Akachungulia. Lori la Isuzu lilikuwa wazi. Wanaume wawili walikuwa wakihamishia makasha kwenye lori lenye namba za nchi jirani. Brandt aliwasimamia akiwa na AK-47, akiwatukana kwa Kiswahili fasaha.

Nokia ilitetemeka tena. NYUZI 6.

Alipanda ukingo, akanyatia mpaka hatua tatu kutoka kwao.

"Chini wote!"

Wale wawili walilala kifudifudi. Brandt hakulala. Aliruka nyuma ya makasha, akalivuta moja mpaka kifuani, mtutu ukiwa juu yake.

"Piga, bibie. Upasue chupa."

Jicho la Devotha lilikuwa kwenye ubavu wa kasha. Namba 12.

Akashusha bastola kidogo. Sasa alihitaji muda, na muda huohuo ulikuwa ukiua chanjo.

"Unazipeleka wapi?"

"Kwa anayelipa. Mlisema soko huria, siyo? Mlitukaribisha wenyewe."

"Sokoni watu hununua. Wewe umeiba."

"Mkubwa wenu serikalini hakuita wizi aliponipa zabuni." Brandt alicheka. "Watoto wa mlimani! Mwakani watazaliwa wengine."

Kidole cha Devotha kilikaza kwenye kifyatulio. Akakilegeza. Hesabu, Devotha. Jua lilikuwa likipiga makasha.

"Weka silaha chini," Brandt alisema. "Nahesabu mpaka tatu. Moja."

Devotha alikaza macho kwenye namba 12.

"Mbili."

Ti-ti-ti-ti!

Kasha lililia kifuani pake. Brandt aliinamisha macho, kufumba na kufumbua tu.

Risasi ilimpata begani. AK iliruka upande mmoja, yeye upande mwingine. Devotha alidaka kasha kabla halijagusa ardhi, akapiga magoti nalo juu ya mapaja kama mtoto mchanga.

"Nyinyi wawili! Rudisheni kila kitu kwenye Isuzu. Kimbieni!"

Walikimbia. Milango ikafungwa. Askari wa Dakawa walipowasili walimkuta Brandt amefungwa pingu kwenye mashine ya kukoboa mpunga, akitapika matusi.

"Kituo, naondoka na lori. Joto liliishia ngapi?"

"Saba na nusu," Yustina alisema. "Endesha."

Zahanati ya Kinole ilikuwa imejaa mpaka uani. Akina mama walilitazama lori bila kusogea. Muuguzi Chausiku, mtu mzima mwenye macho mekundu kwa kukesha, alitoka akiwa ameshika kiuno.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umechelewa. Wawili tumewazika leo asubuhi."

Devotha alibaki ameshika mlango wa lori.

"Usisimame kama nguzo," Chausiku alisema. "Nawa mikono. Nishikie huyu."

Alikuwa binti wa miaka mitatu, mkali kama pilipili. Devotha alimkumbatia kwa nguvu. Sindano iliingia. Mtoto alipiga yowe, kisha akamng'ata kidole gumba mpaka damu ikatoka.

Kwa mara ya kwanza siku ile Chausiku alitabasamu. "Pole."

"Ana nguvu," Devotha alisema. "Mlete mwingine."

Aliwashika arobaini na mmoja. Kisha akafunga kidole kwa kipande cha bendeji, akatia bastola kiunoni, akaliacha lori pale liendelee kupoza chanjo, na akateremka mlima kwa miguu, taratibu, bila kugeuka nyuma.