Kilichofichwa Chini ya Darasa la Pili

Wewe unayesoma hapa, usijifanye hujui. Umewahi kuona jambo baya likifanyika mbele ya macho yako, ukageuza shingo ukasema, "Hayo ni ya wakubwa." Ndivyo walivyofanya watu wa kijiji kimoja juu kidogo ya mji wa Mbalizi, nami nitakusimulia bila kumwonea mtu haya.

Tumpe alikuwa darasa la sita. Kila asubuhi alipanda kilima pamoja na mdogo wake Yohane, aliyesoma darasa la pili, ndoo ya maji mkononi, kwa sababu kufagia darasa la pili ilikuwa zamu yake. Darasa hilo lilikuwa jipya, bati bado linang'aa, lakini sakafu ilikuwa na ufa mrefu. Tumpe alisukumia vumbi humo, ufa ukameza. Kesho yake ukameza tena. Maji nayo yalipotelea humo humo.

"Saruji ya siku hizi ni mbovu," mama yake alimwambia. "Fagia, mwanangu, achana nayo."

Mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Halfani, hakuachana nayo. Aliwahamishia watoto wa darasa la pili kwenye jiko la shule, akaomba wataalamu wa kuchunguza ardhi. Wakaja wawili: mama mmoja mwenye buti, jina lake Apolonia, na mwenzake Crispin. Walichomeka vipokezi kuzunguka darasa, vidude vidogo vyenye msumari chini, vimeungwa kwa waya mmoja mrefu. Kisha Crispin akapiga bamba la chuma kwa nyundo kubwa. Puu! Akasogea, akapiga tena.

Kijiji kizima kikajaa uzioni.

"Hawa wanatafuta rupia za Mjerumani," alisema mzee Gwakisa, mwenyekiti wa kamati ya shule. "Zimezikwa kilima hiki hiki."

"Kumbe! Ndiyo maana wana gari zuri," akadakia mama mmoja.

"Wakizipata wanaondoka, sisi tunabaki kukodoa macho."

Apolonia aliwasikia. "Shikamooni, wazee. Hatutafuti rupia. Tunatafuta kilicho chini ya sakafu hii."

"Si ndizo hizo hizo!" Watu wakaangua kicheko. Kicheko kile mimi sijakisahau.

Wataalamu walipokwenda kunywa chai, Anord, aliyesoma darasa moja na Tumpe, alimvuta kando. "Tuvihamishe vile vidude. Babu Gwakisa kasema vikihama, mashine inapotea njia."

"Tukikamatwa je?"

"Nani akukamate? Au yule mama ameshakuhonga biskuti?"

Tumpe hakutaka kuitwa msaliti. Waling'oa vipokezi vitatu vya karibu na ukuta, wakavichomeka mbali kidogo, wakasawazisha udongo kwa nyayo. Nyundo ikaendelea kupigwa, hakuna aliyejua.

Alasiri wazazi walikusanyika kusikia majibu. Apolonia alikuwa mbele ya kompyuta, uso umekunjamana.

"Tuambie basi, ziko wapi?" mzee Gwakisa aliuliza.

"Sikilizeni," alisema Apolonia. "Nyundo ikipiga, mtikisiko unasafiri chini kama wimbi. Penye mwamba unakimbia. Penye uwazi unahangaika, unapinda, unarudi. Kompyuta inakisia picha ya ardhi, halafu inakokotoa: kama picha hii ni ya kweli, kila kipokezi kingesikia nini? Inalinganisha na kilichosikika, wimbi zima, kuanzia mshindo wa kwanza hadi mwangwi wa mwisho. Visipolingana, inarekebisha picha na kujaribu tena. Leo imegoma. Vipokezi vitatu vinapingana na vingine vyote. Ama vimeharibika, ama kuna mkono wa mtu."

Akawatazama mmoja mmoja. Nao wakatazamana. Anord akamkanyaga Tumpe mguu.

"Na hivyo vitatu vinasemaje?" aliuliza Mwalimu Halfani.

"Tukiviamini, chini ni udongo mgumu tu."

"Basi!" Mzee Gwakisa akapiga makofi. "Jumatatu watoto warudi darasani."

Yohane, aliyechoshwa na moshi wa jikoni, aliruka kwa furaha. Tumpe alimwona akiruka. Akayafikiria yale mavumbi yote, yaliyoingia ufani yasiujaze.

"Ni sisi," alisema kwa sauti nyembamba. "Mimi na Anord tulivihamisha."

"Mtoto huyu ana njaa, anaropoka," alisema mzee Gwakisa.

"Sina njaa, babu. Ni wewe uliyesema mashine itapotea njia."

Asubuhi iliyofuata vipokezi vilirudishwa mahali pake na nyundo ikapigwa upya. Safari hii picha ilitulia. Palikuwa na doa jeusi hapo hapo chini ya madawati.

"Huu ni uwazi mrefu kwenda chini," alisema Apolonia, "na kuta zake zimenyooka. Shimo hili limechimbwa na watu."

Crispin alibomoa kipande cha sakafu. Chini ya zege jembamba palikuwa na magogo yaliyooza, na chini ya magogo shimo, na harufu iliyomaliza ubishi wote. Choo cha zamani cha shule!

Kila mzazi aliyekuwapo alisoma shule ile. Kila mmoja aliwahi kuchuchumaa juu ya shimo lile. Walijua lilipo. Walimwona fundi wa darasa jipya akilaza magogo juu yake ili amalize haraka, wakapita. Halafu wakaja uzioni kulinda rupia!

"Nilidhani wamelifukia," alisema mzee Gwakisa, macho chini.

"Sote tulidhani," alijibu mama yake Tumpe.

Juma zima wazazi walibeba mawe na kifusi kujaza shimo, mzee Gwakisa akisukuma toroli. Darasa lilivunjwa, likaanza kujengwa upande mwingine wa uwanja.

Mwalimu Halfani aliwakusanya wanafunzi mstarini, wazazi wakasimama nyuma yao. "Wazazi, mlimshuku mgeni kwa sababu hamumjui," alisema. "Mliyoyajua wenyewe hamkuyasema. Tumpe na Anord walikosea, na kosa lao lilikuwa kubwa. Lakini Tumpe alisema kweli mapema. Angenyamaza hadi Jumatatu, pengine leo tungekuwa tunazika."

Sasa wewe. Funga kitabu. Waulize wazazi wako leo, si kesho: choo cha zamani cha shule yetu kilikuwa wapi, na nani alikifukia? Wakikuambia nenda kacheze, uliza tena. Wakikucheka, mfuate mwalimu. Haya, nenda. Bado umekaa?