Gari Jeupe Lililopigwa Rangi Sakina

Kila siku akitoka shule, Najat alipita nyumbani kuchukua chakula cha baba yake na kukipeleka gerejini, pale Sakina kando ya barabara ya Nairobi. Baba yake, fundi Luqman, alitengeneza magari na kuyapiga rangi. Najat alipenda kukaa juu ya tairi bovu akimtazama anavyobandika magazeti kwenye vioo kabla ya kupuliza rangi.

Lakini wiki ile mji mzima ulikuwa roho juu. Jumapili iliyopita Mheshimiwa Gidion, mgombea ubunge, alipigwa risasi getini kwake Kimandolu, na wauaji wakatoroka kwa gari dogo jeupe. Polisi walikuwa hawajamkamata mtu. Basi kila mwenye mdomo akawa mpelelezi. Huyu alisema ameuawa na wapinzani wake, yule akasema ni ndugu zake kwa ajili ya shamba, na wengine eti hakufa kabisa, jeneza lilijazwa mawe.

Najat naye hakutaka kubaki nyuma. Jumatano, wakati wa mapumziko, alimnong'oneza rafiki yake Salwa, "Juzi baba kapiga rangi gari jeupe. Sasa hivi ni la bluu."

Salwa alitoa macho, na Najat akaona raha. Akaishia hapohapo, maana hapo ndipo palipokuwa patamu.

Ijumaa alikuta geti la gereji limefungwa kwa ndani na watu wamejaa nje. Wengine walishika mawe. Said, kijana wa bodaboda, alishika dumu la petroli.

"Anayewafichia wauaji ni muuaji mwenzao," alisema Said. "Geti tutalivunja."

Kutoka ndani Najat alimsikia baba yake akisema, "Jamani, nisikilizeni," kwa sauti ya kuomba ambayo hakuwahi kuisikia kwake.

Ndipo alipofika mwenyekiti wa mtaa, Mama Kaanaeli, mwanamke mfupi asiyejua kufoka. Wapo waliomwamkia shikamoo huku mawe yakiwa mkononi. Akasimama, mgongo kwenye geti.

"Said, wewe uliliona hilo gari likipigwa rangi?"

"Sikuliona. Dada Resiato wa duka la dawa ndiye kanitumia habari kwenye simu."

"Resiato, nawe?" mwenyekiti alimgeukia mwanamke huyo ndani ya kundi.

"Mimi nimeambiwa na mdogo wangu. Anasoma na Salwa."

Salwa alikuwa pale, ameshikilia khanga ya mama yake. Alimtazama Najat, kisha akainamisha uso.

Najat aliogopa mno. Akisema, kundi lote litamgeukia. Asiposema, geti litavunjwa.

"Ni mimi," alisema, lakini hakuna aliyemsikia. Akarudia. "Ni mimi. Lakini sikusema yote. Gari lile halina injini. Baba aliishusha hata kabla Mheshimiwa hajauawa. Mwenye gari anasubiri pistoni za injini hiyo, ndiyo akaomba lipigwe rangi kabisa wakati huohuo."

Mama Kaanaeli alimwomba Luqman afungue, akaingia na Said peke yake. Said aliinua boneti ya gari la bluu. Ndani mlikuwa na nyaya na vumbi tu. Akafunua turubai kwenye kona, akaitazama injini kwa muda mrefu.

"Hii niliivuta mimi," alisema taratibu. "Fundi aliniita nimsaidie kushika mnyororo wa kuiinua. Ilikuwa Ijumaa, siku mbili kabla ya mauaji. Kumbe ndilo gari lenyewe."

Alitoka, akawaambia wenzake hivyohivyo. Watu wakatupa mawe chini, wakaondoka bila kutazamana. Luqman alikaa chini, na Najat akamwangukia akilia.

"Nisamehe, baba. Sasa nani alimuua?"

"Sijui, mwanangu."

"Hata mimi sijui," alisema Mama Kaanaeli. "Kutojua kunatisha, ndiyo maana watu wanaokota chochote wanachosikia. Ukiletewa neno kama hilo, uliza nani aliona kwa macho yake. Na ukilisema wewe, liseme lote, hata kama utamu utaisha."

Akamfuta machozi.

"Leo uliogopa kusema, ukasema, na baba yako yupo hai. Jumatano hukuogopa kabisa, Najat. Siku ile ndiyo ulipaswa kuogopa."