Fungua Geti, Usihesabu

“Nimefunga geti, na sifungui!”

Mkata tiketi alikuwa ameibana simu kwa bega, mikono yote miwili imeng'ang'ania komeo. Nje, foleni ilianzia dirishani kwake, ikapita maegesho, ikapotelea barabarani. Ilikuwa msimu wa likizo, na kila mwenye miguu alikuwa ameamua kuja kuyaona maporomoko siku hiyo hiyo.

“Nani kakwambia ufunge?” alifoka msimamizi. Huyo alikuwa bosi wake, na pia mchumba wake. Harusi ilibaki wiki tatu.

“Daraja ni la watu sitini. Wifi amehesabu mia na kumi!”

Wifi ni dada wa msimamizi, mlinzi wa darajani.

“Mkurugenzi anataka tuvunje rekodi leo. Cheo changu kinapita hapo getini kwako, mpenzi.”

“Na watu wakianguka?”

Simu ikakatwa. Ujumbe ukaingia: “Fungua geti, usihesabu. Ni agizo. Nakupenda.”

Akafungua. Watu wakamiminika kama siafu, mtu juu ya mtu, watoto wakilia, simu zikielea hewani kupiga picha za visogo.

Nusu saa baadaye, ukingo wa daraja ulikatika. Saba walitumbukia majini. Wote waliopolewa wakiwa hai, lakini bibi mmoja alivunjika paja.

Jioni msimamizi alimfuata nyumbani, akamkumbatia mpaka kwikwi zikakoma.

“Nipe simu yako nimpigie mama. Yangu imeisha chaji.”

Akampa. Mchumba hunyimwa simu?

Asubuhi waliitwa kwa mkurugenzi, mama mmoja mkali wa miwani. Msimamizi akasoma taarifa yake bila kumtazama mchumba wake usoni:

“Mkata tiketi alifungua geti kwa uzembe wake. Nilimkataza, akakaidi.”

“Mimi? Mama, ujumbe wake ninao hapa!”

Akapekua simu juu chini. Ujumbe haukuwepo.

“Kumbe jana ulikuwa unanikumbatia huku unafuta?”

“Tusichanganye mapenzi na kazi,” alijibu msimamizi, akinyoosha tai.

Wifi, aliyeitwa kutoa maelezo, alikuwa amesimama mlangoni akisikia yote.

“Kaka, na wa kwangu utaufuta lini?”

“Dada! Wewe ni damu yangu!”

“Na yule bibi ni damu ya nani?” Akaisoma simu yake kwa sauti: “‘Nimemwamuru wifi yako afungue. Na wewe acha kuwazuia, sukuma watu wapite.’”

Mkurugenzi akavua miwani.

“Mimi niliagiza wageni wengi. Sikuagiza maafa.”

“Ukiagiza watu zaidi ya mia juu ya mbao za watu sitini, mama, unakuwa umeagiza nini?” aliuliza mkata tiketi kwa hasira.

Mkurugenzi alivuta karatasi, akaandika daraja lifungwe na msimamizi asimamishwe kazi.

Kwenye korido, msimamizi alimshika mkono.

“Nilifanya kwa ajili yetu! Ningepata cheo, ningekurudisha.”

“Ungenirudisha kutoka wapi? Jela?”

“Nisamehe. Kadi tumeshagawa. Watu watasemaje?”

“Wakiuliza, waambie ulitaka kuoa mtu wa kumbebesha makosa yako, ukamkosa.”

Akauchomoa mkono wake na kushuka ngazi. Nusu ya njia machozi yakamshinda. Alikuwa amempenda yule mwanamume kwa moyo wote, na hilo ndilo lililomuuma kuliko barua yoyote ya kufukuzwa kazi. Nyuma yake zilisikika hatua za haraka.

“Wifi, ningoje!”

“Usiniite hivyo. Mimi si wifi yako tena.”

“Basi mimi dada yako,” alisema yule mlinzi, akimpangusa machozi kwa kiganja. “Twende hospitali. Kuna bibi amelala kule tangu jana, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwomba radhi.”