Kidole cha Jemima

Wako watakaosema hizi ni porojo za mtaani kwetu Mususa. Shauri yao. Jemima yu hai, na mtaa mzima unajua kwa nini siku hizi anatembea mkono wa kulia ameuficha ndani ya kitenge.

Jumapili ile ilianza vizuri tu. Vita ilikuwa imefunga barabara ya Beni, mizigo ikawa inapita angani, na Jemima, mwenye wazimu wa ndege tangu utoto, alizitambua kwa mlio huku akisonga ugali. Aliyoipenda kuliko zote ni Antonov moja kuukuu, yenye bawa juu ya bawa, iliyokuwa ikikohoa kabla ya kuruka. Siku hiyo mzigo wa maharagwe kutoka Musienene haukufika, rubani akakubali kuwatembeza watu hewani, wauone mji na kurudi. Kaka yake Jemima, Gérard, alikuwa mpakizi wa mizigo pale uwanjani. Akamwekea dada yake nafasi dirishani.

Mama mkwe wa Jemima, Kaswera, alimpokea mjukuu wake Bénie, ambaye meno ndiyo kwanza yanaota na maneno bado.

"Enda, mama," alimwambia. "Mais kule juu, hapana kulenga nyumba na kidole. Utalenga na kidevu. Kidole kinaonyesha mulozi njia."

Jemima akacheka. Mchawi gani huyo wa mchana kweupe, watu wametoka misani?

Ndege ikakohoa, ikatetemeka, ikainuka. Ilikwenda polepole, chini chini, hata nguo zilizoanikwa zilionekana. Furaha ilimjaa Jemima mpaka machozi yakamtoka. Abiria walipiga kelele, kila mmoja akitafuta kwao. Pembeni yake alikaa bibi mwembamba, kitambaa cheusi kichwani, mikono mapajani.

"Kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Pale! Ile ya mabati mapya!" Kidole kilitoka chenyewe, kikagonga kioo.

"Uko na mutoto?"

"Bénie! Analala kule na bibi yake!"

"Onyesha tena. Nione muzuri."

Akaonyesha tena. Ndipo moyo ukamlipuka. Injini ilikuwa inanguruma, watu hawasikilizani. Yeye mwenyewe alikuwa anapaza sauti. Bibi alikuwa ananong'ona. Na kila neno lake lilisikika.

Jemima akageuka. Kiti kilikuwa kitupu.

Walipotua alimshika Gérard shati.

"Yule bibi iko wapi?"

"Bibi gani? Kiti ile mukaba yake ilikatika, hatukuweka mutu. Donc ulikuwa unasema na nani?"

Jemima aliacha viatu palepale akakimbia, kitenge kinamfunguka njiani, watu wanamcheka. Alimkuta Kaswera amesimama uani, macho juu ya paa.

"Bénie iko wapi, Mama?"

"Analala ndani. Mais kuko kitu kilitembea juu ya mabati. Nilifikiri ni kunguru. Nikatoka kuangalia, hakuna kitu."

Jemima akaingia. Bénie alikuwa amelala, anapumua vizuri. Akamnyanyua, akamkumbatia, akalia kwa sauti kama mtu aliyefufuliwa maiti wake.

Kisha akampapasa kichwa. Nywele za mtoto zilikuwa mbichi, za baridi. Nje jua lilikuwa linawaka. Akanusa nyayo zake. Zilinuka mafuta ya ndege. Walizisugua baadaye kwa sabuni, kwa majivu, kwa maji ya baraka. Harufu haijatoka mpaka leo.

Kaswera aliingia, akaiona ile sura ya mkamwana wake.

"Ulilenga na kidole?" alinong'ona.

Jemima akauficha mkono wa kulia ndani ya kitenge. Juu, Antonov ilikuwa inarudi mzunguko wa pili, mlio wake unatikisa mabati.

Bénie akafumbua macho. Mtoto asiyejua hata kusema mama. Akanyoosha kidole dirishani, akailenga ndege.

"Kwetu ni pale," alisema.

Alisema polepole, chini kwa chini. Ndege ilikuwa juu ya paa kabisa, na wote wawili walisikia kila neno.